Nimeomba Miezi Saba, Sijasikia Neno

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinagusa jambo moja, nalo ni namna ya kumsikiliza Mungu katika maombi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu nadhani mwandishi wake ameliweka jibu ndani ya swali lake bila kujua.

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 36, ninaishi Morogoro na nina watoto wawili. Kwa miezi saba sasa ninaomba kuhusu uhamisho. Nimepata nafasi katika wilaya nyingine. Mshahara ni uleule, ila kuna nyumba ya mtumishi, nami natakiwa kujibu hivi karibuni. Nimefunga, nimekwenda mikesha ya Ijumaa hata siku ambazo asubuhi yake nimetoka zamu ya usiku, nimeomba mpaka sauti ikakauka, lakini sijasikia neno lolote. Katika ushirika wetu wa wanawake wenzangu husimama na kusema, "Bwana ameniambia," nami nainamisha kichwa, kwa kuwa mimi hajawahi kuniambia kitu. Mtumishi mmoja alinishauri niache kuongea tu, ninyamaze mbele za Mungu. Nimejaribu, lakini nikinyamaza mawazo yanakimbia huku na huko: ada ya shule, marejesho ya kikoba, dada yangu ambaye hatusemezani tangu tulipogombana baada ya msiba wa mama, sare za kazi ambazo sijafua. Kila mara ni hayohayo, hasa hilo la dada, nami huyakemea mawazo hayo na kuanza upya. Je, kuna kasoro katika wokovu wangu? Na mtu hujifunzaje kumsikiliza Mungu? – Muuguzi, Morogoro.

JIBU: Amina, binti yangu. Nianze na wokovu wako, maana naona hiyo ndiyo hofu iliyokushika zaidi ya suala la uhamisho. Sijaona mahali katika Maandiko panaposema kwamba mtu aliyeokoka atajulikana kwa kusikia sauti. Yesu alisema, "Kondoo wangu waisikia sauti yangu, nami nawajua, nao wanifuata," na ukiyatazama vizuri maneno hayo ya Yohana 10, ushahidi wa kusikia umewekwa kwenye kufuata. Hakusema kwamba kondoo watasimama kusimulia walichosikia. Wewe unayeamka saa tisa za usiku kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kisha unarudi nyumbani kuandaa watoto wa shule, umekuwa ukifuata kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

La pili ni usingizi. Umeandika kana kwamba kwenda mkesha baada ya zamu ya usiku ni jambo la kawaida, nami nakuomba usome tena 1 Wafalme 19. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, akalala chini ya mretemu, malaika hakuja na mahubiri. Alimgusa, akamwambia aamke ale, na hapo kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili kumlisha. Baada ya hayo, na baada ya safari ya siku arobaini hadi Horebu, ndipo Eliya aliposikia ile "sauti ndogo, ya utulivu". Wahubiri wengi, nami nikiwemo, tumekuwa tukiikimbilia sauti na kuuacha mkate. Ukitoka zamu, nenda kalale; Ijumaa nyingine ipo.

Kisha tazama kile ambacho sauti ile ilisema. Eliya alikwenda mlimani na malalamiko yake, kwamba manabii wameuawa, kwamba amebaki peke yake, kwamba wanamtafuta roho yake. Mungu akamwuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Hakuanza na habari za maadui zake hata kidogo. Alimwuliza alipo, na mwishowe akamrudisha kwenye njia aliyoijia, akiwa na watu wa kwenda kuwatia mafuta. Ishike habari hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha jibu langu kwako: tunapomwendea Mungu na swali letu, mara nyingi Yeye naye ana lake. Tunakaa tukimngoja mlango wa mbele, na wakati huo anabisha hodi uani.

Lugha yetu inatusaidia hapa, na pia inatupoteza kidogo. Kwa kuwa tumezoea kuiita sala "maombi", tunaingia chumbani tukiwa na orodha mkononi kama mtu aliyetumwa dukani, na orodha ikiisha tunasema amina na kutoka. Kwa upande mwingine, neno kusikia kwetu limebeba zaidi ya kazi ya sikio. Tunasikia njaa, tunasikia harufu ya ubani, na mama anayelalamika kwamba mwanawe hasikii hana haja ya kumpeleka kwa daktari wa masikio. Kiebrania cha Agano la Kale nacho ni hivyohivyo, kwa maana neno shama, ambalo ndilo lililo mwanzo wa ile amri ya "Sikiza, Ee Israeli", humaanisha kusikia na humaanisha kutii. Ndiyo maana nasema kwamba kujifunza kumsikiliza Mungu huanzia katika kuwa msikivu kwa jambo dogo unalolijua tayari, na sikio hufunguka kadiri mguu unavyotembea.

Mwalimu wetu mkubwa katika somo hili ni mtoto Samweli. Biblia inasema wazi kwamba neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile, na kwamba Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana, ingawa alilala ndani ya hekalu lenyewe. Aliitwa mara tatu, na mara zote tatu akamkimbilia Eli, kwa kuwa sauti aliyoisikia ilifanana na ya mzee aliyemzoea. Hapo pana faraja kubwa kwa watu kama wewe. Kama sauti ya Mungu ingekuja na ngurumo, mtoto asingekosea. Ilikuja kwa namna ya kawaida kiasi kwamba ilihitaji mtu mwingine kumwambia ni ya nani. Na mtu huyo alikuwa Eli, mzee aliyefifia macho, aliyeshindwa kuwazuia wanawe, ambaye ujumbe wenyewe ulikuwa unamhukumu. Hata hivyo ndiye aliyejua la kusema: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Niruhusu basi, nami nikiwa Eli wa kutosha, nikuulize jambo.

Umetaja mambo manne yanayokuvuruga ukinyamaza, ukaongeza "hasa hilo la dada", kisha ukasema kwamba huyakemea. Je, una hakika ni nani unayemkemea? Mimi simo moyoni mwako, wala sitasema kwamba Bwana ameniambia. Lakini liko neno ambalo tayari limesemwa, tena halihitaji ndoto wala mkesha ili kuthibitishwa: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Angalia kwamba katika Mathayo 5 mtu huyo anakumbuka akiwa madhabahuni, katikati ya ibada, pale ambapo wewe ungesema mawazo yamekimbia. Yesu hakumwambia akemee kumbukumbu hiyo na kuendelea na sadaka.

Marehemu mama yangu hakuwahi kunifundisha somo la maombi, ila nilimwona. Tuliishi kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, nyumba ikiwa katikati ya migomba na kahawa, na kila alfajiri alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, kibatari kikiwa juu ya debe lililofunikwa. Alisoma mstari mmoja au miwili, akakifunga kitabu, akaweka mikono juu ya kanga yake, viganja vikitazama juu, akanyamaza. Nilikuwa nimejibanza mlangoni nikisubiri aseme jambo nisikie, na nilichosikia ni ng'ombe akicheua zizini. Mwaka mmoja alikosana na jirani kwa sababu ya zamu ya maji ya mfereji, kila mmoja akidai siku ileile, na kwa majuma kadhaa hawakusalimiana hata njiani. Asubuhi moja aliinuka kwenye kigoda, akachukua panga, akakata mkungu wa ndizi uliokuwa umekomaa vizuri, akaupeleka kwa yule jirani kabla ya kuwasha moto. Aliporudi alikasirika kwa sababu sikuwa nimechota maji. Juu ya ndizi hakusema neno, wala siku hiyo wala baadaye.

Wale walioguswa na uamsho wa Afrika Mashariki watalielewa jambo hili bila maelezo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Na katika miaka ya 1930 moto ule ulienea kutoka Rwanda na Uganda hadi kwetu Kagera na Kenya. Watu walipojinyamazisha mbele za Mungu katika vikundi vile, yale waliyosikia kwa sehemu kubwa hayakuwa utabiri. Walikumbushwa jembe lililoibwa, deni lililokanwa, chuki baina ya ndugu. Wakatoka wakarudisha vitu kwa wenyewe, na huko ndiko walikokuita kutembea nuruni. Sisi wa leo tumebakiza nyimbo zao, lakini kurudisha jembe kumetushinda.

Sasa namna ya kukaa. Katika karne ya 12 mtawa mmoja aitwaye Guigo, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse nchini Ufaransa, aliieleza sala kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia machoni pa Mungu. Mpangilio huo una hekima, kwa maana unampa Mungu nafasi ya kuanza kusema. Chagua saa ambayo hujachoka sana, iwe dakika 20 na si zaidi. Acha simu chumba kingine. Soma kifungu kifupi cha Injili, labda mistari sita au saba, kwa sauti ya chini, polepole, kisha ukisome tena, na neno litakalokushika usiliache upesi. Likae nawe kama kipande cha muwa mdomoni mpaka utamu wake uishe. Mwambie Mungu kile ambacho neno hilo limekuletea, hata kama ni hasira. Halafu nyamaza.

Mawazo yatakuja, maana kichwa ndiyo kazi yake. Kuwa na karatasi pembeni, na ada ya shule ikija, andika "ada". Kikoba kikija, andika "kikoba", na yaache hapo yakusubiri. Mengi yatatulia yakishaandikwa. Lile linalorudi mara ya pili na ya tatu, hata baada ya kuandikwa, usilikemee. Liulize limetoka wapi na linataka nini, kama Eli alivyofanya mtoto alipomwamsha mara ya tatu. Likikuvuta kwenye upendo, ukweli au msamaha, lina haki ya kusikilizwa. Likikutia hofu ya kuchanganyikiwa, au likikuambia wewe ni bure mbele za Mungu, huna sababu ya kuliamini.

Kuhusu uhamisho wenyewe, naona umekuwa ukisubiri amri mahali ambapo Mungu huenda amekupa akili. Yakobo anasema aliyepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, na hekima hufanya kazi kwa kuuliza maswali: shule ya huko ikoje, nyumba hiyo ina maji, mumeo anasemaje kama yupo, nani atakaa na watoto ukiwa zamu. Hata Paulo, baada ya kuzuiwa njia mara mbili na kuona maono usiku kule Troa, alikaa na wenzake wakalipima jambo pamoja kabla ya kupanda merikebu kwenda Makedonia. Ukiona pande zote mbili ni njema, chagua moja kwa amani. Mungu atakuwapo Morogoro na atakuwapo huko. Ila kabla ya kuweka sahihi, mpigie dada yako. Usianze na vyombo vya marehemu wala shamba. Muulize anaendeleaje.

SWALI: Pasta, mimi ni msichana wa miaka 24, ninaimba kwaya ya vijana hapa Nakuru. Ndugu mmoja wa kwaya amenijia na kusema kwamba alifunga siku tatu na Mungu akamwonyesha kuwa mimi ndiye mke wake. Mimi simpendi kwa namna hiyo, lakini ananiambia kwamba nikikataa ninampinga Mungu. Naogopa. Nifanye nini? – Msichana wa kwaya, Nakuru.

JIBU: Mwambie, kwa adabu, kwamba Mungu anayo namba yako. Kama ana neno juu ya ndoa yako hatampa mtu mwingine peke yake akalifanya kamba ya kukufungia. Malaika alikwenda kwa Mariamu, na alikwenda kwa Yusufu pia.

Ndugu huyo huenda hadanganyi. Amekupenda, amefunga, akaota alichokuwa akikiwaza mchana kutwa, na hayo hutokea. Yeremia aliwasema manabii wa wakati wake kwamba walinena maono ya mioyo yao wenyewe, na moyo una sauti tamu sana unapojisemea. Ndiyo sababu Paulo aliwaandikia Wathesalonike mambo mawili kwa pumzi moja: wasimzimishe Roho, na wajaribu mambo yote. Anayesema Bwana amemwambia na papo hapo akakukataza kujaribu, ameikata aya hiyo katikati. Ukiona anaendelea kukusumbua, mweleze mama mmoja mwenye busara kanisani, na mkutane naye mkiwa wawili.

Nalisema hili kwa unyenyekevu, kwa kuwa nami nimewahi kulifanya kosa hilo. Nikiwa mchungaji kijana, nilimwambia fundi seremala mmoja katika usharika niliouhudumia kwamba Bwana ameniambia aende chuo cha Biblia. Akauza randa na misumeno yake, akaenda, na baada ya mwaka mmoja na nusu akarudi, masomo yakiwa yamemshinda na wateja wake wakiwa wamehamia kwa fundi mwingine. Hakunigombeza. Aliketi barazani kwangu, akauliza, "Mchungaji, hivi Bwana alikwambiaje hasa?" Nilitafuta la kumjibu, nikakosa. Ukweli ni kwamba nilihitaji mwinjilisti, na nilipenda jinsi alivyosoma masomo ya ibada. Nilimnunulia randa moja. Misumeno alijinunulia mwenyewe. Tangu siku hiyo nikiwa na la kumshauri mtu nasema "mimi naona hivi", na kama Mungu yumo ndani yake, mtu huyo atamtambua bila mimi kumtaja.

SWALI: Ninafundisha shule ya Jumapili hapa Mwanza. Baadhi ya wazee wetu wanasema kwamba kukaa kimya katika maombi ni mambo ya dini za Mashariki ya mbali, na kwamba Mkristo huomba kwa kinywa, tena kwa nguvu, ili shetani asipate nafasi katika akili iliyo tupu. Je, wanasema kweli? – Mwalimu, Mwanza.

JIBU: Wazee wako wana hoja moja ya kweli, nayo ni kwamba ukimya mtupu si lengo letu. Mkristo hanyamazi ili asiwaze lolote. Ananyamaza kwa kuwa kuna aliyesema, au anayetaka kusema, kama mtoto anavyofunga mdomo baba akianza kuongea. Lakini wakisema jambo hili ni la kigeni kwetu, hapo wamekosea sana. Habakuki anaiamuru dunia yote inyamaze mbele za Bwana aliye katika hekalu lake, na Marko anasema Yesu mwenyewe aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Kanuni ambayo Benedikto aliwaandikia watawa wake huko Italia katika karne ya 6 inaanza kwa neno "Sikiliza". Wakristo wa madhehebu ya Marafiki (Quaker), ambao wamisionari wao walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, tangu mwanzo wao kule Uingereza katika karne ya 17 walizoea kukusanyika na kukaa kimya, mpaka mmoja wao asukumwe kusema.

Kwa kuwa wazee wako, kama nimeisoma barua yako vizuri, ni Walutheri wenzangu, wakumbushe habari ya kinyozi. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia Peter, aliyekuwa kinyozi wake, kumweleza namna nyepesi ya kuomba: achukue Baba Yetu, au Amri Kumi, apite kipande kimoja kimoja. Kisha akamwonya kwamba ikiwa katikati ya kuomba Roho Mtakatifu ataanza kumhubiria moyoni, ayaache maneno yake mwenyewe, anyamaze, asikilize, kwa sababu neno moja la mahubiri hayo lina thamani kuliko maombi yetu elfu. Alimwandikia hayo mtu wa wembe na sabuni, wala hakuona kwamba ni mambo ya watawa tu.

Ama hilo la kuomba kwa nguvu, sina ugomvi nalo. Hana, mama yake Samweli, aliomba midomo ikicheza tu na sauti isisikike, Eli akamdhania amelewa. Bartimayo alipiga kelele mpaka watu wakamkemea. Na wote wawili walisikiwa. Shida huja pale tunapofikiri kwamba Mungu husikia kwa kipimo cha spika zetu, na wote tunajua mitaa ambayo majirani wasioamini wamelifahamu hilo kabla yetu.

SWALI: Nina miaka 72, nimekuwa Mkristo tangu ujana. Zamani nikiomba nilihisi moyo ukipata moto, na mara nyingi nilitoka nikijua la kufanya. Tangu mke wangu alipofariki, miaka mitatu iliyopita, nikiomba ni kama naongea na ukuta. Sijaacha kuomba, lakini sioni maana. – Mzee, Bukoba.

JIBU: Mzee mwenzangu, pole kwa mama. Sitakupa dawa, maana nafahamu kiti kinachobaki kitupu nyumbani kinavyosema kwa sauti kubwa kuliko kitu kingine chochote.

Nina mawili tu ya kukueleza. Teresa wa Calcutta, ambaye ulimwengu mzima ulimjua kwa furaha yake katikati ya maskini, alifariki mwaka 1997, na mwaka 2007 barua zake kwa viongozi wake wa kiroho zilichapishwa. Humo wasomaji waligundua kwamba kwa miaka mingi sana aliomba gizani bila kumhisi Mungu, na kila asubuhi akaamka na kwenda kazini kwake vilevile. Na kabla yake iko Zaburi ya 88, ambayo sijui kama umewahi kusikia ikihubiriwa. Zaburi nyingine za kilio hupata mahali pa kugeuka, mwandishi akasema hata hivyo nitamsifu. Hiyo haigeuki, na neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya zaburi waliiweka humo pamoja na nyingine, wala hawakumwongezea mwenye kulia mstari wa kumfurahisha msomaji.

Kwa hiyo, maneno yako yakikauka, omba kwa maneno ya wengine. Soma zaburi moja asubuhi na moja jioni kwa sauti, basi, na usijipime kama umehisi kitu. Wakati mwingine ni zamu yetu kusikiliza ukimya wa Mungu, na anayekaa karibu na rafiki asiyesema neno bado yuko naye. Pia, na hili nalisema kama ndugu, ikiwa hulali, huli, na mambo uliyoyapenda yamekosa ladha yote, mwambie daktari. Huzuni ikikaa miaka mitatu inaweza kuwa imeugeukia mwili, na Eliya, nimemtaja juu, alihitaji mkate kwanza.

SWALI: Mimi ni dereva wa bajaji, Dar es Salaam. Tunaishi watu sita kwenye chumba na sebule, redio ya jirani haizimwi, na nyumba ya ibada iko mbali. Mnasema mtu atafute mahali pa utulivu. Mimi nitapata wapi? – Dereva, Mbagala.

JIBU: Husimuliwa kwamba Susanna Wesley, mama yao John na Charles, waanzilishi wa Umethodisti, ambaye alizaa watoto kumi na tisa, alikuwa akijifunika aproni kichwani katikati ya nyumba, na watoto walijua kwamba mama akiwa hivyo hasumbuliwi. Wewe una zaidi ya aproni. Una bajaji. Asubuhi, kabla hujaingia kijiweni, simama pembeni mahali salama, zima injini, shusha turubai la upande, soma mistari mitano, kaa dakika kumi. Abiria akija kabla hujamaliza, mpakie tu, uende ukisema naye vizuri, na umalizie ukirudi.